Kinga ya Msumeno

3 Machi

Mdogo wangu,

U mzima? Mimi ni mzima wa kutembea, si wa kucheka. Nakuandikia kutoka nyumba ya wageni ambayo dirisha lake halifungi na mlango wake haufunguki mpaka uupige bega. Hii ni wiki ya tatu niko njiani nakagua ufundishaji katika hivi vituo vya elimu mbadala, na nimechoka mpaka kalamu yangu imechoka.

Juzi nilikaa kwenye darasa la ushonaji. Vijana kumi na saba, cherehani moja, nayo haina sindano. Mwalimu akachora sindano ubaoni. Nikamuuliza kwa upole wanafunzi wake wanashona lini, akasema, "Wakishahitimu." Jana, kituo kingine, mwalimu alikuwa anasoma daftari lake la mwaka juzi na vijana wananakili neno kwa neno. Alipokohoa, kalamu zote zikasimama. Nadhani walikuwa hawajui kikohozi kinaandikwaje.

Watu wanadhani mkaguzi ni askari. Mimi najiona kama mtu wa kupima homa. Naandika namba, naondoka, dawa atatoa mwingine, kama ataitoa.

Sasa sikiliza. Mwenzangu aliyepangiwa upande wenu amelazwa, na vituo vyake nimepewa mimi. Chenu kimo. Nitakuja Jumanne ijayo. Fomu ina swali kama nina undugu na mtu yeyote kituoni. Ningejibu ndiyo, wangepeleka mtu mwingine mwakani. Nikajibu hapana. Najua, usinihubirie. Lakini miaka miwili unafundisha useremala na sijawahi kukuona umesimama mbele ya darasa, na Mama kila nikirudi nyumbani kabla sijavua viatu ananiuliza, "Umemwona mwanangu akifundisha?"

Nakutajia siku ili unitafutie pa kulala, si ili upake rangi darasa. Usimwambie mtu. Ukaguzi wetu ni wa kushtukiza. Mbele ya watu mimi sikujui, na wewe hunijui.

Dada yako


6 Machi

Dada,

Barua yako imefika asubuhi, nimeisoma mara tatu nimesimama mlangoni pa karakana. Chumba nimekupatia kwa mama mmoja mjane hapa jirani. Godoro lake ni zuri kuliko langu. Simu yangu bado imekufa, kwa hiyo tuendelee na karatasi kama enzi zako za bweni.

Darasani kwangu nina vijana thelathini na mmoja. Wengi waliacha shule wakiwa wadogo, baadhi walifukuzwa, wawili wametoka kifungoni na ndio wenye adabu kuliko wote. Yuko binti wa miaka kumi na saba, anaishi na bibi yake, wenzake wamempa jina la Kwanini, maana hakuna jambo analolipokea bila kuuliza. Kwa nini mbao hii imepinda na ile haikupinda? Kwa nini gundi isianikwe juani? Ana mkono wa useremala, Dada. Patasi akiishika yeye unadhani imezaliwa naye.

Nina swali. Mkaguzi huwa anaangalia nini hasa, mwalimu au vifaa? Na mahudhurio, mnahesabu vichwa au mnasoma daftari tu? Usiponijibu nitaelewa. Nauliza kwa kuwa sijawahi kukaguliwa.

Mwambie Mama mwanawe anafundisha.

Mdogo wako


15 Machi

Mwalimu wangu,

Niruhusu nikuite hivyo, maana Jumanne nilikuita hivyo mbele ya Mkuu wa kituo kwa sauti kavu kama ya karani, na ndani yangu nilikuwa nataka kupiga vigelegele.

Niliogopa, nikuambie ukweli. Nilipokuwa naingia nilijiambia, nikikuta mambo mabaya nitafanya nini? Nikakuta madawati sita ya kufanyia kazi yamepangwa mstari, kila kijana ana miwani ya usalama usoni, msumeno wa umeme una kinga yake, lile bati la kufunika meno, jipya kabisa. Ukafundisha namna ya kuingiza ulimi wa mbao kwenye tundu lake bila msumari hata mmoja. Wale vijana wa mbele walijibu kila swali kana kwamba wamelala na kitabu. Nilikaa nyuma dakika arobaini nikasahau kuandika.

Na yule Kwanini wako nimemjua bila kuoneshwa. Nilikuwa nyuma yake. Aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na kesho tutavitumia tena?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nimeandika kwenye ripoti: wanafunzi wana hamu kubwa ya kuendelea na somo.

Nimewapa alama ya juu. Hii ni mara yangu ya pili kuitoa tangu nianze kazi. Kwenye sehemu ya usalama nimeandika: vifaa vipo na vinatumika.

Kitu kimoja kilinisumbua. Ulikuwa huniangalii. Nilielewa, tulikubaliana hivyo. Lakini hata baadaye kwa yule mjane ulikuja ukakaa kama mtu aliyefiwa, chai ikapoa mbele yako. Nikasema ni woga, utaisha.

Nimemsomea Mama ripoti. Akaniomba nirudie pale pa "mwalimu anaijua kazi yake". Nimerudia mara nne.

Dada yako


29 Machi

Dada,

Asante kwa barua. Mkuu ameitia ripoti kwenye fremu na kuitundika pale wageni wanapoingilia.

Ripoti ikishaandikwa inaweza kuandikwa upya? Nauliza tu.

Mdogo wako


10 Aprili

We mtoto,

Nimecheka peke yangu ofisini. Iandikwe upya ili iwe nini tena, uwe waziri? Hapo juu ya alama niliyokupa hakuna ngazi nyingine.

Tulia sasa. Nina habari njema. Kituo chenu kimetajwa kwenye mkutano kama cha mfano. Mtaongezewa vijana ishirini kutoka vile vilivyofungwa. Na waliopata alama ya juu hawakaguliwi tena kwa miaka mitatu, kwa hiyo hutaniona na kalamu yangu mpaka uwe na mvi. Mwenzangu aliyelazwa amerudi kazini, kasoma ripoti yangu, kasema angependa kuwa na fundi kama huyo. Nilikaribia kumwambia huyo ni damu yangu.

Mama anauliza utakuja lini. Na mimi nauliza.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Kaa chini ndipo usome.

Jumatatu iliyopita, kabla ya saa nne asubuhi, Kwanini alikatwa na msumeno wa umeme. Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Nilikuwa upande wa pili wa karakana nawaelekeza wale wageni ishirini namna ya kushika randa. Sikusikia akipiga kelele, hakupiga. Nilisikia sauti ya msumeno imebadilika, nikageuka, nikamwona amesimama anautazama mkono wake. Akasema, "Mwalimu, zima." Nikazima. Nikafunga mkono wake na shati langu, tukambeba mpaka hospitali. Vidole tulivipeleka pia. Havikufaa.

Utauliza kinga ilikuwa wapi. Kinga haipo, Dada. Haijawahi kuwepo.

Uliniambia nisimwambie mtu. Nilimwambia Mkuu siku ileile, kabla hata bahasha yako haijatulia mfukoni. Niliogopa. Nilijua ukija ghafla utakuta nini, na kwamba utakayemkuta ni mimi. Nilimwambia mkaguzi anakuja Jumanne, sikumwambia ni nani. Yeye akafanya mengine yote. Yale madawati yaliazimwa kutoka kiwanda cha samani ng'ambo ya barabara. Miwani pia. Kinga waliifungua kwenye mashine yao Jumatatu jioni, Jumatano asubuhi wakaja kuichukua. Vijana wangu kumi na tisa, wasiojua kusoma vizuri, waliambiwa wasije siku hiyo. Wale wa mbele waliokujibu vizuri si wangu, ni wa chuo kimoja mjini, Mkuu anafahamiana na mkuu wao.

Kwanini aliruhusiwa kuja kwa sababu anaongea vizuri. Alipouliza kama na kesho tutavitumia tena, hakuwa na hamu ya somo. Alikuwa anauliza kama kweli tutavitumia tena. Waliocheka ni wale waliojua jibu.

Na bado sijakwambia kubwa. Mimi sifundishi. Wiki za kwanza nilifundisha. Baadaye Mkuu akaanza kupokea oda za viti, akasema mwanafunzi hujifunza kwa kutenda, na tangu hapo tunatenda. Mmoja anakata miguu kutwa nzima, mwingine anapiga msasa kutwa nzima, miezi sita, anaondoka na cheti na hajui kutengeneza hata kigoda. Mkuu anasema bila viti kituo kingefungwa zamani, na sidhani anadanganya. Tangu ripoti yako itundikwe oda zimekuwa maradufu. Siku ile Kwanini alikuwa anakata mguu wa sitini na kitu. Nilimwona amechoka. Nilitaka kumbadilisha nikimaliza na wageni.

Somo ulilolipenda, la ulimi na tundu, siku ile ndiyo pekee mwaka huu niliyolifundisha. Nililifurahia. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko mengine, kwamba nilisimama pale nikadanganya na nikafurahi.

Mdogo wako


6 Mei

Nimesoma.

Nani mwingine anajua kwamba mimi na wewe ni ndugu? Nani anajua ulipoipata siku? Nijibu haraka.

Barua yangu ya tarehe tatu Machi, ichome. Usiitupe, ichome. Usiseme na mtu yeyote wa ofisini kwetu. Ukiulizwa, ulikuwa mwalimu tu, ulifanya ulichoambiwa na Mkuu. Binti ametibiwa, namshukuru Mungu yu hai. Wewe ukifukuzwa na mimi nikifukuzwa, Mama atakula kwa nani? Vidole vyake havitarudi hata tukijinyonga wote wawili.

Nimekasirika sana siwezi kuandika zaidi.

D.


13 Mei

Dada,

Sijaichoma. Nilifika mpaka kushika kiberiti.

Nilikwenda kumwona Kwanini wodini. Bibi yake alikuwa pembeni ya kitanda, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Nilitegemea atanitukana. Akanisalimia vizuri, akanisogezea kiti, kisha akatoa karatasi kwenye mkoba akaniomba nimsomee, maana yeye hasomi. Ilikuwa barua ya Mkuu. Inasema mjukuu wake ameondolewa kituoni kwa uzembe, na kwamba kituo hakihusiki na matibabu. Inasema ukaguzi wa serikali ulithibitisha kwamba vifaa vya usalama vipo na vinatumika, kwa hiyo aliyeumia aliondoa kinga mwenyewe. Nyuma wamebana nakala ya ripoti yako, na ule mstari wameupigia wino mwekundu.

Nilimsomea mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwa hiyo aliitoa mwenyewe?" Kwanini alikuwa macho. Alinitazama. Na mimi, Dada, nilisema sijui. Nilisema niliangalia upande wa pili.

Nimetoka pale nikakaa kwenye ngazi za hospitali mpaka mlinzi akaniuliza kama nina mgonjwa.

Bibi amepeleka malalamiko. Kamati ya vijana ya wilaya itasikiliza tarehe ishirini na tano, na mimi nimeitwa kama shahidi. Nitasema yote ya upande wangu, viti, miwani, kinga ya kuazima, kila kitu. Barua yako sitaitoa. Wakiniuliza nilijuaje siku ya ukaguzi, nitasema niliisikia barabarani. Huo utakuwa uongo wangu wa mwisho, nao ni kwa ajili yako na Mama. Lakini ujue watalinganisha neno langu na ripoti yako. Fundi wa mkataba, na karatasi yenye mhuri. Unajua watashika lipi.

Mdogo wako


21 Mei

Mdogo wangu,

Unisamehe barua ile ya tarehe sita. Niliiandika kwa mkono wa mtu mwingine, nadhani. Hapana. Ni wangu. Ndio huohuo ulioandika "vipo na vinatumika".

Nilikaa na barua yako siku tatu. Mama aliona siwezi kula. Nikamweleza. Nilitegemea atasema tufiche, kwa kuwa wewe ni kitinda mimba chake na mimi ndiye ninayemlisha. Akaniuliza kama yule bibi ana watoto wengine. Nikamwambia sijui. Akasema, "Nenda kajue." Basi, hayo tu, akaingia chumbani kwake. Tangu hapo hajaniomba nimsomee chochote.

Jana nilimwona Mkaguzi Mkuu. Nilimpa maelezo ya kurasa mbili: kwamba mwalimu wa karakana ni ndugu yangu wa tumbo moja, kwamba nilisema uongo kwenye fomu, kwamba siku niliitaja mimi kwa maandishi. Alisoma, akavua miwani. Si mtu mbaya. Akaniambia tunaweza kuiondoa ripoti kimyakimya, tuseme ina kasoro za kiufundi, jina langu lisiguswe. Nikaona mlango ule uko wazi kabisa mbele yangu, mdogo wangu, ningepita tu. Nikamwambia, "Wameibana kwenye barua ya mtoto. Kimyakimya haitafika huko."

Nimesimamishwa kazi tangu leo. Ripoti imefutwa kwa maandishi, na sababu imeandikwa. Nakala nitaileta mwenyewe tarehe ishirini na tano. Na wewe uje na barua yangu ya Machi. Usiseme uliisikia barabarani. Ukisema hivyo nitasimama nikukanushe mbele ya watu, na hatutakuwa na haja ya kujifanya hatujuani.

Dada yako


14 Juni

Binti,

Hunifahamu kwa jina. Mimi ndiye mkaguzi aliyekaa nyuma yako mwezi wa tatu. Mwalimu wako wa useremala ni mdogo wangu. Bibi yako alinisikia siku ya kamati, lakini wewe ulikuwa bado hospitali, nami naona unastahili kuyapata kutoka kwangu.

Kamati imekubali kwamba hukuitoa kinga, kwa kuwa hakukuwa na kinga. Matibabu yako yatabebwa na mamlaka inayosimamia vituo, hata yale ya mbeleni. Ile barua iliyokuita mzembe imebatilishwa. Mkuu ameondolewa. Mwalimu wako pia, naye hakujitetea. Mimi kazi yangu imekwisha. Siyasemi haya ili unihurumie, nayasema ili ujue kila mmoja alipo.

Kituo kimefungwa. Hili sikulitaka, ila sikulizuia, na najua wenzako hamsini wako nyumbani.

Niliandika kwamba una hamu ya somo. Nilisikia swali lako na sikulisikia. Naomba radhi. Kama kuna jambo lolote unaloweza kuniambia, au kunitukana, nitalipokea.

Mkaguzi wa zamani


30 Juni

Shikamoo Mama Mkaguzi,

Naandika kwa mkono wa kushoto ndiyo maana herufi zinalala. Barua hii nimeianza Jumapili na leo ni Alhamisi.

Bibi ameniambia ulilia kwenye kamati. Ananiambia nikujibu vizuri. Nimepona kidonda, ila vidole ambavyo havipo bado vinawasha, daktari anasema ni kawaida. Nilimuuliza kwa nini, akasema hajui vizuri.

Unasema nikuambie jambo. Jambo ni hili. Siku ile ulifungua kabati, ulisoma daftari la mahudhurio, ulipima hata upana wa mlango kwa kamba. Ulizungumza na Mkuu, ukazungumza na Mwalimu. Mimi nilikuwa hatua moja mbele yako. Sisi hakuna aliyetuuliza kitu. Ungeniuliza ningekuambia. Niliuliza kwa sauti ili uniulize.

Mwalimu simchukii. Alikuja kuaga, akakaa, kisha akaondoka. Wenzangu ndio wananichukia. Wanapita mlangoni kwetu hawasalimii. Wanasema kituo kibovu kilikuwa bora kuliko kukaa barazani, na wale wawili waliotoka kifungoni, mmoja amekamatwa tena. Wanasema ni kwa sababu ya vidole vyangu. Bibi anasema niwasamehe, hawajui. Mimi naona wanajua kidogo.

Sitaki pole tena, nimepewa nyingi. Nataka kujua kama katika vituo vyote ulivyokagua kipo kimoja ambacho wanafundisha kweli, na kinaweza kumpokea seremala wa mkono wa kushoto. Wewe umeviona vyote, mimi nimekiona kimoja tu.

Kama kipo, niandikie kiko wapi. Nitakwenda hata kwa miguu.

Kama hakipo, usiniandikie.

Kwanini